Fundi Ametoka Kidogo

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, nataka kujua goti lako linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua unaitumia au umeiweka juu ya kabati ipendeze macho. Nakujua. Mimi huku ni mzima, ila uchovu umenikaa mwilini kama mpangaji asiyetaka kuhama. Duka liko salama. Meza uliyoichonga haijatikisika, na paa bado linavuja pale pale lilipokuwa likivuja tangu enzi zako. Nimeweka ndoo.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu, baba, mimi na wewe hatuwezani. Tunasalimiana, unaniuliza kama nimekula, nakuuliza kama umelala vizuri, halafu kila mmoja anamsikiliza mwenzake anavyopumua. Nikitaka kuingia kwenye neno lenyewe, unasema haya mama, tutaongea, na simu imekatika. Kwenye karatasi huniwezi. Kwa hiyo kaa chini, nyoosha hilo goti, unisome mpaka mwisho.

Binamu alikuja dukani. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akazungusha macho ukutani kama mtu anayepima pazia, akaniambia kwa ule upole wake wa kuazima kwamba mmeshaongea. Kwamba umesema duka haliwezi kukaa bila fundi, na kwamba mwisho wa mwezi utakuja wewe mwenyewe umkabidhi funguo. Yeye atauza makava ya simu, na mimi atanipa nafasi ya kukaa mbele nipokee wateja. Wakati ananiambia kwamba duka halina fundi, baba, mkononi nilikuwa na bisibisi, na mbele yangu kompyuta iko wazi kifua, matumbo yote nje. Yeye mwenyewe alinisogezea taa nione vizuri, kisha akaendelea kusema.

Simlaumu sana, kwa sababu asemayo ndiyo yasemwayo. Tangu kaka atutangulie, watu huingia dukani wakanikuta nimeinamia kazi, moshi wa risasi ya kulehemu unapanda, na bado wananiuliza fundi yuko wapi. Mwanzoni nilikuwa nasema ukweli. Basi hapo kazi imekwisha. Mteja anakaa, anauliza aliumwa nini, nami nianze upya tangu kikohozi cha kwanza hadi asubuhi ile. Anapangusa machozi, nambembeleza mimi niliyefiwa, halafu anabeba kompyuta yake anaipeleka kwingine. Wengine waliniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, lakini kaka yangu hakuwa koleo. Na huyo mhunzi wanayemtafuta si ndiye wanayeongea naye?

Nikachoka. Siku moja mtu alichungulia mlangoni akauliza fundi yupo, nami bila kuinua kichwa nikasema fundi ametoka kidogo. Akasema haya, akaacha mashine yake, akaenda zake. Aliporudi akaikuta imepona, akaniambia fundi wenu ana mkono mzuri, mpe salamu. Nikasema zimefika. Ikawa ndiyo hivyo. Fundi ametoka kidogo. Fundi hayuko mbali. Fundi amefuata kifaa. Kwa neno hilo wateja wakabaki, na mimi nikabaki dada wa fundi, wa kupokea na kukabidhi.

Sasa nikueleze habari ya Mama Nembo, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mama huyu hutarizi nembo za sare za shule kwa ile cherehani kubwa inayojiendesha yenyewe, na cherehani hiyo hupokea amri kutoka kwenye kompyuta kuukuu, zee kabisa. Kompyuta mpya haziwezi kuzungumza nayo, kwa sababu tundu la waya wake liliachwa kutengenezwa zamani. Kwa hiyo zee lile lazima liishi. Shida yake lilikuwa zito mno. Nembo ikiwa na rangi nyingi, lilifikiri mpaka mama wa watu akaanza kulisemesha. Kaka alimwahidi kulitafutia prosesa yenye nguvu zaidi, ya ukoo ule ule, na akaiagiza. Ilifika yeye ameshaondoka. Mama Nembo alipokuja kuulizia, nikampa jibu langu la siku zote. Akaiacha kompyuta, akasema shule zinakaribia kufunguliwa na tegemeo lake ni fundi.

Nikueleze kiseremala. Prosesa ni kidude bapa chenye vijiguu vingi vyembamba kama brashi, nacho ndicho kinachofanya hesabu zote. Bodi mama ni ule ubao mpana kinachokalia, wenye soketi ya kupokea vijiguu hivyo. Na ndani ya bodi mama kuna programu ndogo iliyozaliwa nayo, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Kazi yake ya kwanza ni kutazama nani amekaa kwenye soketi, na kumtaja kwa jina.

Nilitoa prosesa ya zamani, nikafuta vumbi, nikaweka mpya. Vijiguu vikaingia vyenyewe bila kulazimishwa. Nikapaka juu yake dawa ya kupitisha joto, nikafunga feni, nikawasha. Ikawaka. Lakini kwenye kioo likatokea jina la ile ya zamani, na kasi ya ile ya zamani. Nikazima, nikawasha tena. Jina lile lile. Yaani bodi ilikuwa imempokea mgeni, imemkalisha, inamfanyisha kazi, lakini inamwita kwa jina la aliyetangulia na kumpimia nguvu za aliyetangulia. Nilicheka peke yangu, baba, kicheko kibaya. Nikaiambia hata wewe?

Nikajaribu jampa, ile kofia ndogo ya plastiki inayounganisha pini mbili, ambayo huiambia bodi iende kwa mwendo gani. Nilipoihamisha, kioo kikawa cheusi tii, feni inazunguka bure. Nikairudisha. Nikachomoa betri ndogo ya bodi ili isahau kila kitu ianze upya. Ikasahau saa, ikasahau tarehe, lakini jina la zamani haikulisahau. Niliweka kichwa mezani. Sikuwa nalala, nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule wa kukufanya uone hata kufunga skrubu ni safari.

Ukiitazama vizuri, bodi yenyewe haina ubaya. Ilitengenezwa kabla prosesa hii haijazaliwa, haijawahi kusikia habari zake. Dawa ni kuiandikia upya ile programu yake ndogo, kwa toleo la baadaye lenye jina la mgeni. Nilisaka toleo hilo mpaka macho yakaniwasha, nikalipata, nikalinganisha na namba iliyochapwa pembeni mwa bodi, nikaanzisha kazi. Ikaganda hapo hapo. Niliondoa mikono yote miwili mezani, kwa maana bodi ikikatishwa katikati ya kuandikwa, ndiyo basi tena, haiamki. Bahati nzuri ilikuwa imekwama mlangoni, kabla haijaandika herufi hata moja.

Hapo ndipo ulipokuja wewe kichwani. Nilikuona umeshika kiti cha mtu, ukitugombeza mimi na kaka kwa sababu tulitaka kuuchoma kama kuni mguu wake uliovunjika. Ulikuwa ukisema mguu wa zamani hautupwi mpaka mguu mpya ukaliwe, kwa sababu mguu wa zamani ndio kipimo. Tulikuwa tukikuigiza nyuma ya mlango, na ulikuwa unajua. Basi nikaelewa. Bodi haikubali kufundishwa na mtu isiyemjua. Ilibidi nirudishe prosesa ya zamani kwenye kiti chake, bodi iamke ikiwa na akili timamu, na akiwa amekaa yule inayemjua, ndipo niifundishe jina la huyu mwingine. Mwenyeji ndiye anayemtambulisha mgeni. Jambo lenyewe ni dogo, lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote.

Ila prosesa ya zamani sasa haionekani. Niliiacha juu ya rafu, naapa. Nilitafuta kwenye makopo, kwenye mifuko, hata kwenye ndoo ya maji ya paa. Mwisho nikaona kiti cha wateja kimetulia, na kiti kile huyumba. Si kosa la kiti, usikasirike, sakafu ndiyo mbovu. Nikapiga magoti, nikachungulia. Binamu, wakati ananipangia maisha, alichoka kuyumba akatafuta kitu bapa cha kuchomeka chini ya mguu. Vijiguu upande mmoja vilikuwa vimelala kama nyasi iliyokanyagwa.

Mama Nembo akaingia akanikuta niko chini ya kiti. Akauliza fundi yupo. Nikamjibu kutoka sakafuni kwamba fundi ametoka kidogo. Aliweka mkoba chini, akapiga magoti karibu yangu na mwili wake ule, akachukua ile prosesa kiganjani akaitazama. Huyu mama hutembea na sindano amezichomeka kifuani pa gauni. Alichomoa iliyo nyembamba kupita zote, akaniomba lenzi. Basi tukakaa mezani, mimi namwonyesha kijiguu kipi, yeye anakiinua taratibu kwa ncha ya sindano, wote tumeziba pumzi.

Akiwa bado ameinamia lenzi, aliniambia kwamba anajua fundi hayupo. Alijua tangu mwanzo. Siku ya mazishi alisimama nyuma, akanishika mkono pamoja na wengine, na mimi siku ile nilikuwa sioni sura ya mtu. Nilimuuliza kwa nini basi kila akija ananiuliza fundi. Akasema mara ya kwanza alikosea kwa mazoea, ulimi ulimponyoka, akajuta. Lakini alipoona ninavyojibu, na uso wangu ulivyokaa wakati najibu, alidhani neno lile nalihitaji. Kwa hiyo akija huniuliza, nipate pa kulisemea.

Nililia, baba. Sikuona aibu. Tangu msiba sijapata nafasi ya kulia vizuri, maana kila mtu anakuja na kilio chake nikishike. Mama Nembo aliniacha nilie mpaka nikamaliza, ila alisogeza prosesa mbali na akaniambia nisiidondoshee machozi, yana chumvi, tutapata kazi nyingine. Tukacheka wote wawili na makamasi juu.

Niliazima betri kubwa ya akiba kwa jirani mwenye mashine za kutoa nakala, nikihofia umeme usije ukatufanyia vituko. Nikairudisha prosesa ya zamani. Bodi ikaamka, ikaitaja jina, safari hii jina la kweli la mwenyewe. Nikaanza kuandika. Mstari ukawa unatambaa kwenye kioo, na Mama Nembo amenishika bega haniachii. Ukafika mwisho. Nikazima, nikaitoa ya zamani taratibu, nikaweka mpya, nikahamishia jampa mahali pake, nikawasha.

Ikaitwa, baba. Jina lake lote, na kasi yake yote, bila kupunguziwa kitu. Ni maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi, hupita haraka kabla mtu hajasoma vizuri, lakini niliiwasha na kuizima nikiyatazama kama mtoto. Tuliipeleka kwake, tukaunganisha cherehani, ikatarizi nembo ya tai na kitabu na mwenge bila kusita hata kwenye manyoya. Mama Nembo akampigia mwenye shule akamwambia kazi iko tayari, dada wa fundi ameitengeneza kompyuta. Alipokata simu akajishika mdomo. Mazoea nayo ni kazi kuyatoa.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia.

Unajua simu ya dukani ni ile ya kaka. Namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye kibao nje, sikutaka kuifuta. Kuna mtu hupiga simu ile kwa namba nisiyoijua. Hasalimii kwa kirefu, na sauti yake huja kwa mbali, imekwaruzwa na mtandao. Huuliza fundi yupo. Nikimwambia fundi ametoka kidogo, atarudi sasa hivi, husema haya, hamna neno, na kukata. Hasemi mashine yake ina nini. Haachi jina. Nilidhani ni mteja mwenye haya, wapo wa namna hiyo. Akawa anapiga tena na tena, na jibu ni hilo hilo, na kila mara nasikia kama ametua mzigo. Halafu siku moja, kabla ya kukata, akasema mwambie asikae na njaa.

Hakuna mteja anayemwambia fundi asikae na njaa. Nilibaki nimeshika simu sikioni, na upande wa pili hakuna mtu tena. Nilikujua, baba.

Nadhani mara ya kwanza ulikuwa unanitafuta mimi, simu yako ikawa imezima ukaazima ya jirani, na mimi nisiyejua naongea na nani nikakupa jibu la wateja. Ulilisikia ukanyamaza. Nimejaribu kufikiri ulisikia nini, na nadhani nakijua, kwa sababu hata mimi nikilisema hutupia jicho mlangoni. Ukarudi kulisikia tena. Sikukasirika. Tangu nikujue nimelijibu neno lile kwa uangalifu zaidi, na kuna siku niliongeza kwamba ameondoka sasa hivi tu, mmepishana. Utakuwa unaikumbuka. Sikuwa nakudanganya ili nikudanganye. Sikuwa na kitu kingine cha kukupa.

Lakini tangu siku ya Mama Nembo nimeona kosa lilipo, na nimechoka nalo. Nilikasirika uliposema duka halina fundi. Nilimeza hasira ile wiki nzima, ikanikaa kifuani. Kumbe ungesemaje? Ulipiga ukauliza, na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikakwambia fundi ni mtu mwingine na yuko njiani anarudi. Hukunikana wewe wala binamu. Niliyekuwa nataja jina la zamani ni mimi.

Basi ombi langu ni hili. Usije mwisho wa mwezi kukabidhi funguo. Njoo mapema, njoo na randa yako. Ukae kwenye kiti cha kaka pale mezani, pale ambapo mimi hadi leo sijakaa, huwa nafanya kazi nimesimama. Tumtaje siku nzima, hata kama tutalia mbele za watu. Simfuti mtu. Jina lake litabaki kwenye kibao, na ile prosesa ya zamani nimeiweka kwenye kikasha, juu kabisa, mkono wa binamu haufiki. Ila wateja wakiingia wakakukuta umekaa, wewe wanayekujua, useme kwa kinywa chako mimi ni nani. Nikijisema mwenyewe hawasikii. Ukisema wewe watasikia.

Na kama njia ni ndefu au goti halikuruhusu, basi piga ile simu. Piga kama unavyopiga, kwa namba ile ile, uulize fundi yupo. Safari hii sitasema ametoka. Nitasema yupo, ndiye huyu anayeongea. Itakuuma, najua, na mimi itaniuma kulitamka. Tafadhali baba, usikate. Niulize kama nimekula.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na jirani yako anayekuazima simu umpe shukrani zangu za pekee. Dawa ichuliwe asubuhi na jioni, si kutazamwa. Paa nitalipanda mwenyewe jua likitoka.

Ni mimi mwanao,

Fundi